Twendeni Dodoma Kutembea

Mazungumzo ya leo ni ya safari. Namaanisha safari yetu sisi wenyeji wa Arusha, maana safari za wageni tunazijua vya kutosha.

Arusha inaishi kwa safari za watu wengine. Kila asubuhi magari ya watalii yanatoka mjini yakielekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Vijana wetu ndio madereva, ndio waongoza watalii, ndio wapishi wa kambi na wapagazi wa Meru na Kilimanjaro. Kijana wa hapa anaweza kumweleza Mjerumani habari za nyumbu mwezi kwa mwezi, wanazalia wapi na wanavuka Mto Mara lini. Ni ujuzi mkubwa, nao unalisha nyumba nyingi katika mkoa huu.

Sasa muulize kijana huyo huyo, au mzazi wake, ni mji mkuu gani wa Afrika ameutembelea. Wengi watakujibu Nairobi. Hilo halishangazi. Barabara inayopita hapa Sakina, Arusha, ndiyo iendayo mpakani Namanga, na kutoka Namanga Nairobi haiko mbali. Tumekwenda kununua nguo Eastleigh na Gikomba, tumepeleka wagonjwa, tumesindikiza watoto shule, tuna ndugu walioolewa huko. Nairobi tunaijua hata vituo vyake vya matatu. Dodoma je? Hapo jibu hubadilika: "Nilienda mara moja kufuatilia barua wizarani." "Nilienda kwenye usaili." "Nilipita tu nikielekea Mwanza." Tunakwenda Dodoma na bahasha mkononi, tunakaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, tunapanda basi kurudi. Mji mkuu wa nchi yetu tumeufanya ofisi ya kupeleka shida.

Mimi nasema tuutembelee. Twende kama watu wanaokwenda kuona chao. Na nasema hivi nikiamini kwa dhati kwamba mwananchi asiyeujua mji mkuu wake kuna jambo kubwa la nchi yake linampita pembeni.

Nianze na njia, kwa sababu safari ya Dodoma kutoka Arusha sehemu yake iliyo bora kabisa iko njiani.

Wenye umri wanakumbuka. Zamani, mtu wa Arusha akitaka kufika Dodoma kwa basi la uhakika alizunguka Moshi, Korogwe, Chalinze na Morogoro, safari ya kuchosha mifupa. Baadaye lami ilipofika Babati na Singida, tukawa tunazungukia Singida. Njia ya kati, ile ya Babati kwenda Kondoa hadi Dodoma, ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika, na watu wa Kondoa waliishi miaka mingi wakiwa katikati ya nchi lakini mbali na kila mahali. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Leo ukitoka Arusha alfajiri, alasiri uko Dodoma, kilomita kama 420.

Unatoka kwa njia ya Kisongo, unapita Makuyuni ambako magari ya watalii yanakata kulia kwenda Karatu, nawe unanyoosha. Unapita Minjingu penye kiwanda cha mbolea ya fosfeti, na Ziwa Manyara linang'aa upande wa kulia. Magugu kuna mashamba ya mpunga. Babati kuna ziwa lenye viboko karibu kabisa na mji, na mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Baada ya Bonga barabara inaanza kupanda na kujipinda kwenye milima ya Warangi, na hapo ndipo nakuomba uache kusinzia.

Kando ya barabara hiyo, kabla hujafika Kondoa mjini, kuna kijiji kinaitwa Kolo. Ofisi ya kupokea wageni wa michoro ya miambani iko pale pale, huhitaji kutafuta. Michoro ya Miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na ndani yake kuna zaidi ya mapango na vibanda vya mawe 150 vyenye michoro. Mary Leakey, mtafiti yule yule ambaye sisi wa kaskazini tunamkumbuka kwa Olduvai na kwa nyayo za Laetoli, alikuja Kondoa mwaka 1951 akakaa kwenye mahema, akanakili michoro hiyo kwa mkono, jiwe baada ya jiwe. Kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka mwaka 1983.

Unapanda mlima ukiwa na mwongozaji, jasho linakutoka, halafu unasimama mbele ya jabali. Mwanzoni huoni kitu. Macho yakizoea, twiga anajitokeza kwa rangi nyekundu iliyofifia. Kisha pofu, kisha tembo, kisha watu warefu wembamba wenye nywele zilizosukwa kwa mitindo. Juu ya michoro hiyo nyekundu kuna mingine ya rangi nyeupe, ya watu wa baadaye waliokuwa wakulima na wafugaji. Wataalamu wanaendelea kujadiliana juu ya umri, lakini kwa ile ya kale tunazungumzia maelfu ya miaka. Walioichora walikuwa wawindaji, na watafiti wengi wanawahusisha na mababu wa Wasandawe, ambao wako hai hadi leo upande wa Kwamtoro, na lugha yao ina zile sauti za kugonga ulimi.

Pale Mungomi wa Kolo, mojawapo ya mapango hayo, kuna jambo lililonigusa zaidi ya michoro yenyewe. Wenyeji bado wanapanda huko kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Kwao mahali hapo hapakuwahi kuwa makumbusho. Mgeni unatakiwa uende kwa adabu hiyo: usiguse jabali, usimwagie maji michoro ili ing'ae kwenye picha yako, usichore jina lako. Nimeona majina ya watu yamekwaruzwa kwenye mawe sehemu nyingi za nchi hii, na sioni sababu ya mtu mzima kufanya hivyo.

Kondoa ina somo lingine, nalo linatuhusu sana sisi wa mlimani. Ukitazama mabonde ya milima ya Irangi utaona makorongo makubwa mekundu, ardhi iliyochanwa na maji. Miaka ya nyuma hali ilikuwa mbaya kuliko unavyoiona leo. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, na mvua za nguvu zikabeba udongo wote. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikachukua hatua kali: mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Fikiria mfugaji anaambiwa hivyo. Ilileta maumivu na malalamiko, na baadaye ndipo ufugaji wa ndani ulipoanza kuruhusiwa taratibu. Lakini nyasi zilirudi, miti ikarudi, na chemchemi zingine zikapata uhai. Kila nikitazama makorongo yanavyopanuka kwenye miteremko ya Meru juu ya Ngaramtoni na Olmotonyi, na maji yanavyoshuka kwa hasira masika yakifika huku Sakina, natamani viongozi wetu wa vijiji wapelekwe Kondoa wakaone kwa macho. Waone ardhi inavyofika ukingoni, na gharama inayolipwa kuirudisha.

Nitaje jambo moja la historia kisha tusonge. Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walitoka hapa Arusha, wakapigana Lolkisale, wakashuka hadi Kondoa Irangi katika mvua kubwa. Farasi walikufa njiani kwa wingi kwa maradhi. Njia unayoipita leo ukiwa umeegemea kiti cha basi ni karibu na ile waliyopita wao, pamoja na wapagazi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa.

Kutoka Kondoa nchi inashuka na kukauka. Mibuyu inaanza. Unapita Chemba, unaingia Ugogoni, nchi ya Wagogo. Kama umepanga siku vizuri ukafika Msalato Jumamosi, simama. Mnada wa Msalato ni wa mifugo, lakini watu wa Dodoma wanakwenda pia kula. Mbuzi anachomwa mbele yako, unachagua pande, unakatiwa, unakula kwa chumvi na pilipili. Sisi Waarusha tunajivunia nyama choma yetu, nami naipenda, ila Msalato nimekula nyama ambayo siwezi kuisema vibaya.

Sasa tumefika mjini. Ni mji mkuu wa namna gani huu?

Dodoma ilianza kukua na reli. Wajerumani waliifikisha reli ya kati pale karibu na mwaka 1910, na kwa miongo mingi ulikuwa mji wa stesheni, wa wafanyabiashara wa karanga na ngozi, na wa njaa zilizorudi kila mvua ilipokosekana. Makao makuu ya nchi yalikuwa Dar es Salaam tangu Wajerumani walipoyahamisha kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kila mtawala wa kigeni aliutaka mji wenye bandari, kwa sababu alitazama kwao. Mwalimu Nyerere na TANU walitazama ndani. Matawi ya chama yaliulizwa, na Oktoba 1973 uamuzi ukapitishwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Wapangaji miji kutoka Kanada wakachora ramani iliyokuwa tayari mwaka 1976, na kwenye ramani hiyo hapakuwa na majengo marefu ya kutisha. Walichora makazi ya watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, yakifuata utaratibu wetu wa balozi wa nyumba kumi, na maeneo ya kijani katikati yake.

Ilitarajiwa kazi ichukue miaka 10. Haikuwa hivyo. Mwaka ule ule wa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda, ukame ukaja, kisha vita vya Kagera mwaka 1978, kisha miaka ya 80 ambayo nchi ilikosa hata sabuni. Wizara zikabaki Dar es Salaam, na Dodoma ikabaki mji mkuu kwenye vitabu vya shule. Tulifundishwa darasani kuandika "Dodoma" kwenye mtihani, na redioni tukasikia kila jambo likitangazwa kutoka Dar es Salaam.

Bunge ndilo lililotangulia, mwaka 1996. Tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli alitangaza akiwa Dodoma kwamba serikali yote itahamia kabla muhula wake haujaisha. Waziri Mkuu Majaliwa akahamia mwaka huo huo. CDA ikavunjwa 2017, Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka huo, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Mwezi Mei 2023 Rais Samia akafungua Ikulu mpya ya Chamwino. Miaka 46 ilipita kati ya uamuzi wa TANU na Rais kuhamia. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Sisi wa Jiji la Arusha tulihesabiwa 617,631. Wametupita, na kuna wazee wa hapa ambao hawakuamini niliposoma takwimu hizo hewani.

Ukienda kutembea, mahali pa kwanza pa kwenda ni Bungeni. Nalisema hili kwa mkazo. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2006, na wananchi wanaruhusiwa kuingia jukwaa la wageni wakati wa vikao. Unavaa nguo za heshima, unabeba kitambulisho, unakaguliwa, simu inabaki mlangoni. Njia rahisi ni kuwasiliana na ofisi ya mbunge wako mapema, kwa sababu wageni wa wabunge hutambulishwa, na vikundi vya wanafunzi hutangazwa majina ya shule zao. Nimewaona watoto wakisimama kwenye jukwaa lile wakipigiwa makofi na wabunge, na nyuso zao sijui nizieleze vipi. Kikao kirefu kuliko vyote ni cha bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Alhamisi asubuhi ndiyo siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Chagua Alhamisi.

Na ukikaa pale, sikiliza jambo ambalo sisi tumelizoea mno: wanazungumza Kiswahili. Waziri wa fedha anataja mabilioni kwa Kiswahili, mbunge wa upande wa ziwa anabishana na wa pwani kwa Kiswahili, na mama aliyetoka kijijini kwake Mvumi anafuata kila neno. Katika nchi nyingi za Afrika mkulima akiingia bungeni anahitaji mtu wa kumtafsiria mijadala inayomhusu. Kwetu haiko hivyo, na ni urithi wa kulindwa kwa wivu.

Kutoka Bungeni mjini kuna mengine. Uwanja wa Nyerere uko katikati, una sanamu ya Mwalimu, na jioni watu hukaa hapo kupunga upepo. Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010 ni miongoni mwa misikiti mikubwa ya nchi, na minara yake inaonekana kutoka mbali. Kanisa kuu la Kianglikana lina kuba la kale linalopendeza. Huko Chimwaga, juu ya vilima, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007, na ukumbi ambao CCM ilimteua Benjamin Mkapa kuwa mgombea wake mwaka 1995. Ukielekea barabara ya Dar es Salaam utafika Mtumba, mji wa serikali, wizara zimepangwa moja baada ya nyingine katika eneo ambalo juzi juzi lilikuwa vichaka.

Kuna sehemu moja ambayo watu wetu wa Arusha na Mirerani wanapaswa kuiona. Idara ya utafiti wa jiolojia ya nchi hii ilianzishwa mwaka 1925, na makao yake yamekuwa Dodoma tangu zamani. Wana makumbusho ya miamba na madini. Sisi tunauza tanzanaiti, tunaisifu, wengine wamejenga maghorofa kwayo tangu ilipogunduliwa mwaka 1967, lakini ni wangapi tunajua jiwe lile lilivyoumbika? Mpeleke mtoto anayependa sayansi. Dodoma yenyewe imekaa juu ya miamba ya kale sana, na yale majabali yaliyobebana kila upande wa mji ni sehemu ya miamba hiyo.

Halafu Chamwino. Ikulu huwezi kuingia kienyeji, hiyo inaeleweka. Lakini Chamwino ni zaidi ya Ikulu. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma ya kuunda vijiji vya ujamaa, Mwalimu alikaa huko na wanakijiji, akafyatua nao matofali. Na Wagogo, wapenzi wasikilizaji, ni mabingwa wa muziki. Hukwe Zawose alizaliwa Ugogoni mwaka 1938, Mwalimu akamwita Dar es Salaam, na ilimba na zeze lake vikamfikisha katika majukwaa ya Ulaya, Marekani na Japani, na kwenye rekodi za kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki mwaka 2003 Bagamoyo. Mahali muziki ule ulipotoka bado unachezwa. Wanawake wa Kigogo wanabana ngoma za muheme mapajani, wanapiga huku wakicheza, sauti za waimbaji zinagawanyika na kupishana bila mtu kuwafundisha nota. Kituo cha Sanaa cha Chamwino kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo, na ukibahatika kuwa Dodoma wakati huo, usikose. Ukifika uwasalimu wenyeji wako "Mbukwenyi", watafurahi, kama nasi tunavyofurahi mgeni akituamkia "Sopai".

Zabibu nazo. Mapadre wa Kikatoliki walizipanda Bihawana miaka ya 50, na ikaonekana ardhi kavu ya Dodoma na jua lake vinazipenda. Sehemu nyingi za dunia zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma huvunwa mara mbili, kwanza Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Nenda Hombolo au Chinangali ukaone mashamba, ununue kwa mkulima. Wakulima hawa wamelia sana juu ya soko: viwanda visiponunua kwa wakati, zabibu haiwezi kusubiri kama mahindi ghalani. Mgeni anayenunua kilo zake shambani anamsaidia mtu moja kwa moja. Anayetaka anywe mvinyo, asiyetaka ale zabibu kavu. Na chakula chao usikikwepe, ugali wa uwele na mlenda. Aliyelelewa kwa loshoro na makande hatapata taabu.

Kuna ombi la adabu pia. Maji ya Dodoma yanatoka hasa kwenye visima vya Mzakwe, na mji umekua kuliko visima. Sisi tuliozaliwa chini ya chemchemi za Meru tumezoea kuacha bomba likitiririka. Huko ukipewa ndoo ya kuoga, oga kwa ndoo.

Sasa niseme linalonikera. Makampuni ya utalii ya Arusha ni mengi, yana magari, yana waongozaji wenye vyeti, na yanapita Makuyuni kila siku. Mangapi yana safari ya mwisho wa wiki ya Kolo na Dodoma kwa Mtanzania, kwa bei ya Mtanzania? Machache mno. Tunasubiri mgeni wa dola, na mwalimu wa shule ya msingi wa Sakina mwenye akiba yake ya mwaka hatumhesabu kuwa mtalii. Nalo Jiji la Dodoma lina kazi. Hadithi ya namna nchi maskini ilivyoamua kuhamisha makao makuu yake na kuvumilia miaka 46 ni hadithi inayostahili jengo lake, lenye ramani zile za 1976, picha, sauti za redio za wakati huo, na majina ya mafundi. Mgeni akishuka stesheni apate mahali pa kuisikia kabla ya jambo jingine. Wazee waliokuwepo wanaondoka kila mwaka, na kumbukumbu zao zinaondoka nao.

Nawaomba walimu wakuu wa shule za Arusha, Meru na Monduli: safari ya masomo isiwe kila mara hifadhi ya wanyama. Andikeni barua kwa mbunge mapema, mwezi wa pili, mpate nafasi ya kikao cha bajeti. Wapitisheni watoto Kolo siku ya kwenda, wakiwa bado na nguvu za kupanda. Walazeni Dodoma, Alhamisi waingie Bungeni.

Nawaomba wazazi pia. Fedha za kwenda Nairobi kununua viatu vya Krismasi zinatosha nauli ya familia ndogo kwenda Dodoma na kurudi. Mwenye kutaka safari ndefu zaidi anaweza kupanda treni ya umeme kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, inayofanya kazi tangu Julai 2024, akarudi Arusha kwa njia ya Korogwe na Moshi. Atakuwa amezunguka nusu ya nchi.

Na wewe msikilizaji unayekwenda wiki ijayo na bahasha yako kufuatilia jambo wizarani, ongeza siku moja. Ukimaliza Mtumba, shuka mjini, ulizia stendi ya magari ya Chamwino. Mabasi ya kurudi Arusha yanaondoka kila alfajiri, hata kesho yake yapo.